Enduro 40 ya baba: niifufue au ninunue nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Kayenze. Nina mtumbwi wa futi 32 na mashine ya Yamaha Enduro 40, stroki mbili, aliyoniachia marehemu baba. Aliinunua mpya mwaka 2009. Miezi miwili sasa inawaka kwa shida, nguvu imepungua, na juzi ilizima tukitoka upande wa Bezi, tukapiga kasia hadi jua likawa kali. Fundi wa hapa amepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa psi): silinda ya juu 100, ya chini 60. Anataka milioni 2.4 kwa ovahoo. Dukani mjini nimeambiwa mpya ya aina hiyohiyo ni milioni 11. Kuna jamaa anauza iliyotumika kutoka Dar es Salaam kwa milioni 4.5, anasema haijawahi kufunguliwa. Kwa usiku mmoja natumia kama lita 35 za petroli. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kasia. Kutoka Bezi kwa mkono si mchezo, hasa dagaa wakiwa ndani.

Jibu fupi: ifungue kwanza. Usilipe hiyo milioni 2.4, usiende dukani, na yule jamaa wa Dar mwambie asubiri. Namba mbili ulizonipa zinaonyesha silinda ya chini inaumwa, lakini hazisemi inaumwa nini, na hapo ndipo pesa za wavuvi wengi zinapozama. Mtu anapewa bei ya ovahoo, anaiweka kando ya bei ya mpya, anapiga hesabu kichwani, anaamua. Kilichoiua silinda hakimo kwenye hesabu hiyo. Kama ni mafuta unayochanganya ndiyo yaliyoiua, hata hiyo ya milioni 11 itakufa, tena haraka, maana mpya huwa bado imebana.

Nikupe kisa. Nilipokuwa na karakana Kirumba, jirani na Mwaloni, tajiri mmoja wa sangara aliniletea mashine ya 40 mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara zote pistoni imelamba ukuta wa silinda upande wa ekzosti. Mara ya tatu alinijia juu, kwamba namwekea spea feki. Nikamwambia hela yako sitaki, nipeleke kambini kwako nikaone vijana wanavyochanganya mafuta. Tukafika jioni wakijiandaa kutoka. Kijana aliyekabidhiwa oili alikuwa anapima kwa chupa ya soda, chupa moja kwa dumu. Dumu wanaliita la lita 20, lakini lilikuwa limejazwa mpaka shingoni. Na kopo la oili likikaribia kuisha, alinieleza bila wasiwasi wowote, "tunaweka nusu chupa ili ifike Ijumaa." Mashine ile haikuwa na ubaya. Ilikuwa inashinda njaa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchanganyiko wa 50 kwa 1, ambao ndio wa kawaida kwa mashine nyingi za stroki mbili zikishalainika (kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho), ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita 20 zinataka mililita 400. Chupa ya soda ni 300 au 350. Lile tanki jekundu la lita 24 linataka 480, yaani karibu sawa na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Mimi huwaambia watu watupe chupa ya soda na wabaki na hiyo ya maji.

Kwa hiyo kabla ya fundi kushika spana, wewe nenda ukamwulize kijana wako anavyopima, na muulize kwa upole, akuambie kweli. Tazama na kopo la oili. Unatafuta herufi TC-W3. Ni alama inayosimamiwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA, na inamaanisha oili isiyoacha majivu, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Oili ya pikipiki ya stroki mbili ni nzuri kwa pikipiki, inayopozwa na upepo na kuchemka zaidi. Ukiitia kwenye mashine ya boti, au ukitia oili ya gari, mabaki yake yanaganda kwenye mifereji ya ringi, zile pete za pistoni zinazobana ukuta wa silinda. Ringi zikiganda hazitanuki, kompresheni inavuja, nawe unaambiwa mashine imekwisha.

Tuje kwenye geji. Ile 100 ya silinda ya juu isikutie hofu. Vipimo vingi unavyosikia mafundi wakivitaja, 120 na kuendelea, vilipatikana usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ambayo ingesoma 120 pale Dar, ukiileta Mwanza ikiwa haina kasoro yoyote, itasoma kama 105. (Ndiyo maana pia 40 ya huku haisukumi kama 40 ya baharini, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu inabaki hewani, na hakuna fundi wa kuirudisha.) Silinda yako ya juu basi ni mzee mwenye afya. Tatizo ni pengo. Silinda mbili za mashine moja hazipaswi kupishana zaidi ya asilimia 10, tukivumilia sana 15. Yako imepishana 40, na hilo halisingiziwi mwinuko.

Ila rudia kipimo, uwepo mwenyewe. Injini iwe imepata joto kama inawaka. Chomoa plagi zote mbili, na waya zake uziunganishe na bodi ya injini ili umeme upate pa kwenda, vinginevyo unaweza kuiua CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi, na kujiongezea gharama nyingine. Zungusha mpini wa moto hadi mwisho. Wengi husahau hili, hewa haiingii, geji inasoma chini na mashine ya watu inahukumiwa bure. Vuta kamba mara tano au sita mpaka sindano ikome kupanda. Kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda ya chini, vuta taratibu mara mbili isambae, pima tena. Ikiruka kutoka 60 hadi 80 au 90, ringi ndizo zinavuja. Isiposogea, shaka inahamia kwenye gasketi ya hedi au kwenye pistoni yenyewe.

Kama ni ringi, kuna jaribio la bei ya chakula cha mchana ambalo fundi wako hakukutajia, na simlaumu, halimpi hela. Nunua dawa ya kuondoa kaboni, imimine kwenye tundu la plagi la silinda mgonjwa, ilale humo usiku kucha. Kesho yake izungushe kwa mkono, acha mabaki yatoke, iwashe majini itoe moshi wake wote, badilisha plagi, pima. Nimeona 65 ikarudi 95 kwa njia hiyo. Sikuahidi. Lita 35 kwa usiku, kwa stroki mbili ya 40, ni kama saa mbili za moto mwingi. Ukitoka usiku 20 kwa mwezi, hizo ni saa 480 kwa mwaka. Wenye boti za starehe huko ughaibuni wengi hawafikishi 100. Mashine ya baba yako imeshakula saa maelfu, na inawezekana kabisa ringi zake zimekwisha kwa haki. Lakini kopo moja la dawa mbele ya milioni 2.4, mimi ningejaribu.

Dawa ikishindwa, fungua hedi. Fundi yeyote wa mwalo anaweza kuifungua kwa asubuhi moja. Sharti moja: asifute kitu. Mafundi wetu wana ugonjwa wa usafi. Wakishafungua tu wanachukua kitambaa na petroli wanang'arisha, na ushahidi wote unaondoka na kitambaa.

Tazama kwanza kichwa cha pistoni. Kikiwa cheusi au kahawia, na kaboni kidogo, ni cha kawaida. Cha juu kikiwa cheusi na cha chini kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, maji yanaingia, na mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi. Hilo ni jambo la bei ndogo, mshukuru Mungu. Kingo za pistoni zikiwa zimelika kama ubao ulioingiwa na mchwa, ilikuwa inachemka kwa kukosa petroli ya kutosha: kabureta chafu, au hewa ya wizi inayoingia mahali pasipotakiwa.

Halafu kuta za silinda. Michirizo ya upande wa ekzosti peke yake ni oili au petroli kidogo, kama ya yule tajiri. Michirizo ya pembe zote ni joto lililopanda ghafla, na hapo mkamate impela ya pampu ya maji. Huku kwetu impela zinakufa kwa mchanga. Mnawasha mashine kwenye kina cha magoti, propela inakoroga ufuo, pampu inameza mchanga, mpira unalika. Gugu maji nalo likiziba matundu ya kuingizia maji, mashine inachemka huku wewe unadhani ni uzito wa mzigo. Je, ilikuwa inakojoa vizuri siku ile ya Bezi? Hukusema. Ukiona kile kimkojo cha nyuma kimekuwa chembamba au kinatoa mvuke, unazima hapohapo, hata kama nyavu ziko nusu.

Michirizo ya upande hewa inakoingilia ni uchafu ulioingia na hewa au mafuta. Hii ni adimu ziwani, lakini niliiona kwa mtu aliyekuwa anachujia petroli kwa kipande cha chandarua.

Sasa kiungo ambacho ndicho kitakachoamua kesi yako: krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Silinda ya chini ikifa peke yake, na ya juu nzima, mimi huwaza sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya chini ya krenki kabla ya kitu kingine. Iko jirani na moshi na maji. Ikichoka, silinda ya chini inanyonya visivyostahili, mchanganyiko wake unaharibika, na beringi ya chini inaanza kula kutu. Fundi anaweka pistoni mpya na ringi mpya, mashine inaunguruma vizuri wiki tatu, halafu inarudi palepale. Hiyo ndiyo ovahoo inayowapa ovahoo zote jina baya.

Kuijua krenki si kazi ngumu. Injini ikishatolewa na kupasuliwa, shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) moja moja, ivute juu na kuisukuma chini. Kutikisika kidogo kwa pembeni ni sawa. Kucheza juu na chini, hata kwa unywele, si sawa. Tazama mguu wake mkubwa: ukiwa na rangi ya bluu, umeungua. Zungusha beringi kwa kidole usikilize. Ikikwaruza kama mchanga kwenye meno, imekwisha. Na usikubali kuambiwa "tutaichonga krenki." Krenki ya stroki mbili za namna hii imeshindiliwa kwa vipande, haichongwi kama ya Toyota. Kuitenganisha na kuirudisha ikiwa imenyooka kunataka presi, vipimo na mkono wa mtu anayejua. Kwa kawaida unanunua nzima, na bei yake inakula sehemu kubwa ya bajeti.

Kitu kingine cha kusoma ukiwa ndani ni namba iliyogongwa juu ya pistoni. Ikiwa hakuna, silinda ni za kiwandani, hazijawahi kuchongwa, yaani kupanuliwa zipokee pistoni kubwa zaidi. Ikiwa 25 au 0.25, baba alishaichonga mara moja. Ikiwa 50, umefika karibu na ukingo, na safari ijayo ni kuweka slivu mpya (ukuta wa ndani wa silinda) au kutafuta bloku nyingine. Muulize mama au baharia wa zamani wa mzee kama wanakumbuka. Familia husahau mambo haya, lakini pistoni inayo.

Chini nako usipaache. Fungua boliti ya chini ya giaboksi, acha oili itoke kidogo kwenye kiganja. Nyeusi ni uzee tu. Nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimechoka, na gia zinaweza kuwa zimeanza kutafunwa. Vipande vya chuma kiganjani, hapo pole. Angalia na mabano yanayoibana mashine kwenye mtumbwi: ufa wowote, hasa karibu na skrubu za kukazia, ni mashine inayongoja kuzama. Kwa bahati yako hii imeishi kwenye maji baridi. Hapa tuna utajiri ambao watu wa Pwani hawana. Mashine ya ziwani yenye miaka 15 boliti zake zinafunguka kwa spana. Ya baharini yenye miaka mitano nimeifungua kwa machozi, boliti tatu zikakatikia ndani.

Hilo linanileta kwa jamaa wa Dar. Milioni 4.5 inavutia kwa sababu iko katikati, na vitu vya katikati vinaonekana vya busara. Kwangu hiki ndicho chaguo kibaya kuliko yote matatu. Unatoka kwenye mashine unayoijua ugonjwa, unaingia kwa usiyoijua hata kabila. Chumvi hukaa kwenye njia za maji ndani ya bloku, huioni kwa kutazama rangi ya kava. "Haijafunguliwa" tazama mwenyewe: vichwa vya boliti vina rangi ya kiwandani, au vina makovu ya spana? Ukiwa na hamu naye sana, mwambie afungue hedi mbele yako na apime kompresheni mbele yako. Atakayekataa ameshakujibu. Na dai risiti yenye namba, uilinganishe na iliyo kwenye kibao cha mabano. Wizi wa mashine ziwani unaujua kuliko mimi. Hutaki siku moja mtu wa Ukerewe aitambue ya kwake ikiwa mgongoni mwa mtumbwi wako.

Ila yule jamaa amekusaidia kitu kimoja: amekupa dari. Wengi hufuata kanuni ya nusu, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Kwa kanuni hiyo ungetumia hadi milioni 5.5 kwenye mashine ambayo ikikamilika hakuna atakayekupa zaidi ya 4.5. Mimi naweka dari kwenye bei ya iliyotumika iliyo nzuri, kisha naishusha kidogo, kwa sababu ukishafungua huwa kuna la ziada. Kwa hiyo kwako dari ni milioni 4. Pistoni, ringi, kuchonga, sili, gasketi, pampu, kabureta: fanya. Ongeza krenki, na bado uko chini ya 4: fanya, ukiwa na uso mkavu. Krenki pamoja na pistoni zilizokwisha kuwa 50 na giaboksi yenye maziwa: acha. Uza vipande. Kava, mabano, giaboksi ikiwa nzima, kabureta, koili, vyote vina wateja pale mjini kila siku.

Usiilinganishe ovahoo na mpya kwa upande wa mafuta. Wauzaji hupenda kusema mpya inakula kidogo. Stroki mbili mpya ya kabureta, ya aina ileile, inakula karibu sawa na ya zamani iliyofufuliwa vizuri. Kinachokula zaidi ni mbovu unayoendesha sasa. Kupunguza mafuta hasa ni kuhamia stroki nne, na hapo hesabu ina uzito. Lita 35 kwa usiku 20 ni lita 700 kwa mwezi. Weka lita kuwa shilingi 3,000, ingawa visiwani mnauziwa zaidi, unapata milioni 2.1 kila mwezi, pamoja na lita 14 za oili. Tazama vizuri: ovahoo yote uliyotajiwa inazidi kidogo tu petroli ya mwezi mmoja. Stroki nne inaweza kuokoa robo, pengine theluthi. Wewe unaondoka kwa moto mwingi, unakaa juu ya taa, unarudi kwa moto mwingi, na faida ya stroki nne ni kubwa zaidi kwenye mwendo wa pole, kwa hivyo chukua robo. Ni kama laki tano na ishirini na tano kwa mwezi, bila kuhesabu oili ya kuchanganya.

Ni pesa nzuri. Mbona basi sikuambii ukakope ununue stroki nne? Kwanza bei yake, nayo ni juu ya hiyo 11. Pili inazidi hiyo yako uzito kwa kilo 20 na zaidi, na nyuma ya mtumbwi wa mbao hizo zinahisiwa. Tatu inataka oili ya injini ibadilishwe kwa wakati, kila saa 100 kwa kawaida, ambazo kwako ni kila miezi miwili na nusu. Mtu ambaye kambi yake inapima oili kwa chupa ya soda ataiua kabla haijalipa deni. Sisemi kambi yako iko hivyo. Nasema kaa nalo mwaka mmoja. Ukiona umeendesha hii iliyofufuliwa mwaka mzima bila kuibabaisha, na umeweka pembeni laki tatu kwa mwezi, mwakani uende dukani na zaidi ya milioni 3 mkononi, na hii uiuze ikiwa inaunguruma.

Tuseme umefungua na krenki ni nzima, ambalo ndilo ninalolitarajia. Rudi kwa fundi na umwulize milioni 2.4 ina nini ndani. Neno ovahoo halina mipaka. Kwa mmoja ni kila kitu, kwa mwingine ni ringi na gasketi. Pistoni ziwe mbili, hata kama ya juu inasoma 100. Silinda zote zichongwe saizi moja. Sili zote za krenki, gasketi zote, impela na kifaa chake, kabureta ifunguliwe na kuoshwa. Sili ni vitu vidogo, na ndivyo wanavyovirudisha vya zamani ili wabaki na chenji.

Kuchonga usimpe fundi wa mwalo. Peleka bloku karakana yenye mashine ya kuchongea, Nyakato zipo. Peleka na pistoni mpya, usipeleke bloku peke yake. Mchongaji apime kila pistoni, achonge kila silinda kwa pistoni yake. Na mwambie neno hili, akikushangaa ondoka: alainishe kingo za matundu ya silinda baada ya kuchonga. Stroki mbili ina matundu ukutani, kuchonga kunaacha kingo kali kama wembe, na ringi ikipita juu yake inakatika siku ya kwanza. Wachongaji waliozoea magari hulisahau kwa sababu silinda ya gari haina matundu hayo. Wakati wa kufunga, ncha za kila ringi zikae kwenye kipini chake. Simama uone.

Ratiba nayo iko upande wako. Mwezi ukiwa mkubwa hamtoki, dagaa hawaji kwenye taa. Fungua hedi siku ya kwanza ya mbalamwezi, bloku iende Nyakato siku ya pili, na giza likirudi uwe umeshafunga. Mvuvi wa sangara angepaswa kuhesabu siku za kukaa nchi kavu kwenye gharama. Wewe karibu hupotezi kitu, na hiyo ni hoja nyingine ya kufufua.

Ikishafungwa, saa 10 za mwanzo mpe mchanganyiko mzito, 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20. Itatoa moshi, waache wacheke. Saa ya kwanza ikimbie taratibu, bila mzigo. Baada ya hapo panda kidogo kidogo, usikae kwenye moto mmoja muda mrefu, na moto wote usiuguse kwa zaidi ya dakika moja mpaka zile saa 10 ziishe. Fanya hayo mchana, mbele ya mwalo, mahali unapoweza kuogelea, na maboya mkiwa mmeyavaa. Usiku wa kwanza wa kazi usiende mbali, na kasia zibaki ndani ya mtumbwi. Ukifika saa 10, pima kompresheni tena uziandike namba ukutani pa kambi, pamoja na tarehe.

Ukishafungua hedi nitumie picha ya pistoni zote mbili kutoka juu, na moja ya ukuta wa silinda ya chini upande wa ekzosti. Piga mchana, usitumie tochi. Na kabla ya kupiga, mshike mkono fundi asifute.